Mashine ya Kurekodia Sauti ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na yule mpwa wangu mtundu. Sisi huku tunalala na kuamka, wote tupo, ingawa nikisema hatujambo kabisa nitakuwa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ujumbe wako niliupata. Umenisema sana, na maneno mengine ilibidi niyasome tena nihakikishe ni wewe uliyeandika. Ulisema rekodi za mama ninazokutumia zinatetemeka, kwamba mimi na ufundi wangu tumemharibia mama sauti, na kwamba fundi wa kweli angeshaitupa mashine hiyo na kutafuta bora. Nilikasirika kidogo, halafu ikapita.

Unajua tangu astaafu ualimu mama anawasomea vitabu vya darasani wanafunzi wasioona wa shule ya jirani. Anasomea katika chumba changu cha nyuma, nilichokizungushia magodoro ukutani, na mashine niliyoiunda mwenyewe inageuza sauti yake kuwa namba ambazo kompyuta inazihifadhi. Ndiyo kazi inayomtoa kitandani. Anavaa kama anaingia darasani, na akikosea neno anajigombeza mwenyewe.

Siku moja, kabla ya ujumbe wako, mwalimu mkuu alikuja, na kwa adabu zake zote akasema wanafunzi wanalalamika kwamba msomaji wao anasikika kama amepanda gari kwenye barabara ya mashimo. Mama alicheka, akasema mashine ya mwanawe imezeeka kuliko yeye. Nami nikacheka, nikaifungua.

Kosa nililiona, Dada, tena kosa la aibu. Mashine ya aina hii haiwezi kujua sauti ina ukubwa gani mpaka iilinganishe na volti moja isiyobadilika. Hiyo ndiyo rula yake. Mimi rula hiyo nilikuwa nimeichukua kwenye umeme uleule unaolisha friji na taa. Friji ikiwaka, volti inacheza. Mama akipandisha sauti, mashine yenyewe inaivuta volti hiyo chini. Ni kama fundi cherehani anayekupima kwa utepe wa mpira, halafu anashangaa suruali inapwaya mguu mmoja. Na mimi ndiye watu wa mtaa mzima wanayemletea redio zao!

Nikaiwekea chipu ya pekee, ambayo kazi yake ni kutoa volti moja tu bila kuyumba, na kapasita, kile kidude cha kuweka akiba ya umeme, pembeni yake kabisa ili isiishiwe nguvu pale mashine inapopima. Kisha nikapitisha mlio mmoja safi wa kupimia. Hapo awali ulikuwa ukitoka umechanganyika na takataka za milio mingine. Sasa ulitoka vilevile ulivyoingia. Nilijiona bingwa. Mama alifurahi kuliko mimi, akasema sasa hata wewe utakosa la kulalamikia.

Alasiri hiyo akasoma ukurasa mmoja. Nilipousikiliza, tetemeko lilikuwepo. Tena lilisikika wazi zaidi, kwa sababu takataka zilizokuwa zikilifunika zilikuwa zimeondoka. Nikabadili kipaza sauti. Nikabadili nyaya. Mwisho nikamwomba mke wangu asome ukurasa uleule, na sauti yake ikatoka imenyooka. Alinitazama, akatoka. Nilibaki mle chumbani na hofu ambayo sijawahi kuijua.

Nilimpeleka mama hospitali. Daktari alimwambia ashike kikombe, aandike mstari mmoja, aseme “aa” mpaka pumzi iishe. Kisha akatuambia ni ugonjwa wa neva, kwamba dawa zitamsaidia kidogo lakini hazitauondoa, na kwamba sauti itaendelea kufifia mpaka iwe vigumu kumwelewa.

 Tulipofika nyumbani mama akaniambia nisikwambie, kwani ungeacha kazi yako uje kumlilia, na yeye bado hajafa. Halafu, kwa sauti yake ya ualimu, akasema kwamba hicho kidude kipya ndicho kibovu, nikitoe, nirudishe waya wa zamani. Alinikazia macho, nami nikaelewa anachoniomba.

Basi nikafungua kifuniko mbele yake, nikagusagusa skrubu, nikafunga. Sikutoa kitu. Nikamwambia tayari. Tangu hapo anasoma kila asubuhi, na akimaliza anailaani mashine, nami naomba radhi. Mwalimu mkuu nimemweleza ukweli. Alirudi na jibu kwamba wanafunzi hawataki msomaji mwingine.

Kwa hiyo rekodi unazozilalamikia zimetoka kwenye mashine nzima, Dada. Tetemeko unalolisikia ni la mama mwenyewe. Uliniambia nitafute mashine bora kuliko hii. Mungu anajua ninavyotamani ingekuwa mbovu. Nimelia sana kwa ajili ya mashine iliyopona.

Usisubiri likizo ya mwisho wa mwaka. Njoo sasa, angali anaweza kukugombeza ukamwelewa kila neno. Na akikuambia kwamba mdogo wako ndiye anayemharibia sauti, mkubalie, tena unitukane mbele yake kwa nguvu zako zote.

Msalimie sana shemeji, na mpwa wangu mbusu mashavu yote mawili. Mama angewasalimu pia, ila hajui kama nimekuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Bisibisi