Jumamosi kwa Mama Risper

Baba,

Juma lililopita nilirudi Kisumu, mara ya kwanza tangu tukuzike. Shule ninayofundisha huku Nakuru ilikuwa imefungwa, nikaona nisipokwenda sasa sitakwenda tena. Nilikwenda kula pale tulipokuwa tukila mimi na wewe.

Nilianzia karibu na msikiti, kwenye hoteli ya yule mzee uliyekuwa ukininunulia pilau kwake. Mzee alifariki, na mwanawe sasa anauza kanda na betri za redio mahali pale. Nikaenda Kondele. Kibanda cha chapati na maharagwe bado kipo, ila chapati zimekuwa ndogo, na mama anayepika hakunijua. Nilikula mbili polepole. Nilikuwa ninachelewesha tu, Baba. Nilijua ni wapi ninakoogopa kwenda.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka kazini kwenye reli saa saba, mimi nakungoja kwenye geti? Tulishuka pamoja hadi vibanda vya samaki kando ya ziwa, kwa Mama Risper. Wateja wengine walikaa nje. Sisi tulikaa ndani, karibu na jiko. Alikukaangia ngege mzima, na mimi alinitolea miiba kwa vidole vyake. "Kula, nyathina," aliniambia, kama mtu anayesema na mtoto wake. Kikombe chako kilikuwa na msumari wake ukutani. Siku moja niliona shati lako limetundikwa nyuma ya pazia, lile lililokuwa limekatika kifungo, na kifungo kimeshonwa. Nilikuwa na miaka minane. Sikuuliza.

Njiani ulikuwa ukiniambia, "Mama yako akiuliza, tulikula Kondele."

Nikamwambia hivyo kila Jumamosi, mpaka nikaenda bweni.

Sasa nikuambie nilichofanya siku ya mazishi, kwa sababu hakuna aliyekuambia. Mama Risper alikuja nyumbani kwetu Bondo peke yake, amejifunga leso. Baba mdogo alimsimamisha mlangoni mwa boma. "Wewe ni nani wa marehemu?" Akasema, "Mimi nilikuwa nampikia." Kuna watu walicheka. Macho yake yakatafuta, yakanipata kati ya wanawake. Baba mdogo akayafuata, akaniuliza mbele ya watu wote, "Atieno, unamjua huyu?"

Mama alikuwa amenishika mkono.

Nikasema, "Simjui."

Hakubishana. Alikaza leso yake, akarudi barabarani. Hata jeneza hakuliona.

Nimekaa na neno hilo miaka, Baba. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo.

Basi juma lililopita nilishuka ziwani. Gugumaji limefunika ufuo wote, ukitazama utadhani ni shamba, na mashua zimekwama ndani yake. Vibanda vimepungua. Yeye yupo. Kichwa kimejaa mvi, lakini alinijua kabla sijaketi, akaniwekea samaki mbele yangu. Nilishindwa kula.

"Mama," nikamwambia, "siku ile nilisema sikujui."

"Nilisikia." Aliendelea kugeuza samaki kwenye mafuta. "Ulikuwa umekaa na mama yako. Ungesema nini?"

Nilidhani yameisha. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Walimvalisha suti gani?"

"Ile ya kijivu."

"Ile ilikuwa inambana mabega," akasema. Halafu akafuta mikono, akakaa chini, akalia. Sikujua nimguse au nimwache. Nilimwacha. Hilo pia linanisumbua.

Kesho yake nilikwenda Bondo kwa Mama. Alikuwa anachambua omena, dagaa wale wa ziwani, kwenye ungo. Nilimwambia yote, tangu Jumamosi ya kwanza. Mikono yake haikusimama.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unarudi unanuka samaki mikononi, unaniambia umekula maharagwe. Baba yako nilikuwa nimemzoea. Wewe ndiye ulikuwa unaniumiza."

Nilitoka nje, nikakaa karibu na kaburi lako, na kwa mara ya kwanza nilikukasirikia kwa sauti. Mtoto wa miaka minane, Baba. Ungeniacha nyumbani. Ungekula samaki wako peke yako. Kumbe kila Jumamosi nilikuwa ninamnyima mama yangu kitu, na wewe unanishika mkono kunivusha barabara. Kinachoniuma zaidi ni kwamba sijawahi kula mahali pazuri kuliko pale. Nikipika samaki hapa Nakuru, mume wangu anasema ni watamu, mimi najua si wenyewe.

Mama hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu, nikifunga mzigo, alisimama mlangoni.

"Mwambie aje Desemba. Asije na kelele. Aje kama mgeni, aone kaburi, anywe chai, arudi kwake."

Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema hana, lakini nimwambie kabla hajabadilisha moyo.

Nilipitia Kisumu nikamwambia. Mama Risper akauliza kama anaweza kuja na samaki. Nimemwandikia Mama kumwuliza, na jibu halijafika.

Mlango wa boma nitaufungua mimi, na baba mdogo akiuliza, nitamjibu. Sijui kama wanawake hao wawili watasalimiana. Watoto wangu nitawaacha Nakuru, sitaki wabebe jambo lisilo lao.

Lala, Baba. Bado nina hasira nawe, na bado ninakulilia. Desemba nitakuja na wake zako wote wawili, nisimame katikati yao.

Mwanao,
Atieno