Majivu Amekupa Mgongo

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Huna adabu. Unatoka safari ya Wadachi, unafika mpaka zizini kwangu mchana kweupe, unasimama tu, husalimii wala huombi maji. Ndivyo nilivyokulea? Nimekuita kwa jina lako, ukaliangalia tembe letu kama nyumba ya watu usiowajua. Kichwani una ngata, mzigo wenyewe hakuna, na shingo umeikaza vilevile kama umebeba. Mbuzi walikupita pembeni kama wanavyopita kisiki.

Nisingesema kitu kama si mbwa wako.

Unakumbuka ulivyomfundisha Majivu? Mimi, mtu mzima na meno yangu machache, ukanipeleka kujificha kwenye uwele, nilale kifudifudi mpaka anione. Siafu wakaniingia. Ukacheka, ukasema, "Bibi, usijikune, atakusikia." Aliponifikia alibweka mpaka majirani wakatoka. Toka hapo akawa anatafuta watu waliopotea porini, na hakukubali kuongozwa na mwingine ila wewe. Ukiumwa, naye hali chakula.

Akimkuta aliye hai, alimbwekea. Kisha yule mama aliyeenda Bahi kutafuta chumvi hakurudi. Majivu alimkuta chini ya miiba, na hakubweka. Alimzunguka, akalala, akampa mgongo. Nilikuwa nyuma yenu na kibuyu cha maji ya kumnywesha. Ukaniambia polepole, "Bibi, maji basi. Kalete jembe."

Wadachi wakasikia habari zake, wakamtaka awasakie wapagazi waliotoroka. Ukamficha ndani ya kilindo kikubwa cha mtama, ukamwambia askari usoni kwamba mbwa amekufa. Nilipokuuliza kwa nini unajitafutia balaa, ukanijibu, "Mbwa wangu anatafuta wanaotaka kuonekana." Basi wakakutwisha mzigo wewe. Kichwa kigumu. Nilijivuna nawe, na najivuna bado.

Jana alipokuona alitoka mbio, mkia unapiga mbavu. Nikasema huyu leo atabweka kijiji kizima kije. Akakufikia, akanusa vumbi miguuni pako, akakuzunguka. Akalala. Akakupa mgongo, akaniangalia mimi.

Mama yako alikuwa hapo hapo anatwanga, hakuona mtu. Alimwona mbwa kalala njiani, akamtupia kijiti. Kila siku anakuwekea ugali pembeni. Ukipoa anampa Majivu, naye siku hizi haugusi. Hataki kunyoa nywele, hataki kulia. Anasema mtu hajaonekana, amekufa vipi? Anakonda mbele ya macho yangu, na maneno yangu hayamwingii. Atakuamini wewe tu, akikuona kwa macho yake.

Hukuja kula wala kunisalimu, nimeelewa sasa. Umekuja kutafutwa.

Basi usisimame tena hapo kama mgeni. Jembe nimelitia mpini mpya, na kaniki ya kukufunika ninayo. Mama yako atakuja, nitamburuta ikibidi. Kesho ng'ombe wakitoka, tangulia njia ile uliyopita na mzigo. Nenda taratibu, Majivu amezeeka na mimi nimezeeka. Ukifika ulipoanguka, vua hiyo ngata, ulale, utulie mpaka tufike.

Bibi yako, mkeo wa kwanza