Kengele ya Betri

Careen, mama mkwe, mama yake Telesphory, amelazwa. Ile betri kubwa iliyotolewa kwenye gari kuukuu la umeme, tuliyowekewa stoo ili tusikae gizani umeme ukikatika, imewaka moto leo saa nne asubuhi. Mama alikuwa amejipumzisha chumba cha pembeni. Amevuta moshi mwingi mno.

Kengele ya hatari haikulia. Isingeweza kulia, kwa sababu Jumapili, ilipolia bila kukoma, Telesphory alimwamuru fundi Hakizimana akate waya wake.

Fundi alikataa kwanza. "Mzee, hii iko inakwambia kitu. Betri iko na joto sana."

"Basi iniambie kesho. Kata, nisikilize taarifa ya habari."

Leo polisi wameuliza nani aliyekata waya wa kengele. Hakizimana akamtazama mume wangu, akangoja. Alingoja kwa adabu kabisa, Careen! Telesphory akasema, "Huyu ndiye fundi. Mwulizeni yeye."

Huyu ndiye fundi. Mbele yangu. Wamemtia pingu, naye bado anamwita "mzee".

Hospitalini mama akaisogeza barakoa ya oksijeni. "Mbona sikusikia kengele?"

"Fundi aliikata, Mama."

"Nilikuwa mlangoni ulipomwamuru, Telesphory." Akapumua kwa shida. "Nenda ukamtoe mtoto wa watu."

Saa nzima imepita. Telesphory amekaa kwenye benchi la korido, funguo za gari mkononi, na mpaka ninapokuandikia hajainuka.