Mlango wa Kushoto

Palma,
Jumapili mchana

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, miguu haikusumbui, na dada Asha yuko karibu akusomee polepole bila kuruka mistari kama kawaida yake. Mimi ni mzima. Mjukuu wako Mwajuma naye mzima, anakwenda shule na amejifunza kuhesabu kwa Kireno, basi kila kitu ndani ya nyumba kinahesabiwa, hata vitunguu. Kanga na majani ya chai ulivyompa Bi Zuhura vimefika. Alivuka navyo mpakani Namoto bila shida, na barua hii nitampa yeye akirudi Mtwara na vitenge vyake.

Kwenye simu uliniuliza mambo mawili: gari la marehemu Saidi limefikia wapi, na mimi nitarudi lini nyumbani. Sikukujibu vizuri. Simu inakatika, na kuta za nyumba hii ni nyembamba, mama mkwe anasikia hata nikimeza mate. Kwa karatasi naweza kukueleza taratibu. Nianze na gari, maana hilo la pili linatoka humo.

Nadhani unalikumbuka. Ulipokuja Mwajuma alipozaliwa ulilikuta bandani limefunikwa turubai, ukauliza kama Saidi ameanza kuvua, ukadhani ni mtumbwi. Ni lile gari dogo la spoti, la viti viwili, paa lake la kitambaa. Marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa Mreno mmoja mwenye shamba la minazi, na yule Mreno alipoondoka alimwachia gari pamoja na karatasi zake. Baadaye likafa, likakaa likaliwa na kutu, mpaka Saidi alipokua akawa fundi wa kunyoosha bodi, bate-chapa kama wanavyosema huku, akaanza kulifufua kipande kwa kipande. Mchana ananyoosha magari ya watu, jioni ananyoosha la kwake. Wanawake wa jirani walikuwa wakiniuliza, "Mke mwenzio ameamkaje leo?" Nami nawajibu, "Ameamka na mafuta usoni, hajaoga."

Sasa Saidi hayupo, na gari ni mirathi. Sheikh ametueleza sehemu ya kila mmoja: mimi, Mwajuma, mama mkwe, na shemeji Bakari, mdogo wake Saidi. Gari halikatwi vipande, kwa hiyo linauzwa, watu wagawane. Sina kinyongo na hilo. Jambo moja tu nililiomba. Saidi aliwahi kuniambia, tukiwa tunakula, kwamba siku gari litakapouzwa mnunuzi aambiwe lipi ni la asili na lipi amelitengeneza yeye. "Msiniuzie uongo," alisema, kisha akaendelea na samaki wake. Sijui kama ilikuwa ni kumwogopa Mungu au majivuno kidogo, maana alipenda watu waijue kazi yake. Labda yote mawili. Nilimweleza shemeji. Akanijibu, "Akiuliza nitamjibu, shemeji. Asipouliza, mimi si redio."

Mnunuzi alikuja Alhamisi. Anaitwa bwana Mateus, anatoka Pemba, hii ya huku Msumbiji, siyo ile ya Zanzibar. Ni mtu mzima mwenye mvi, Mmakonde, na utoto wake aliupitia Mtwara, wazazi wake walipokimbilia kwetu wakati wa vita vya uhuru. Kiswahili chake ni kama cha jirani yako. Ana magari ya zamani kadhaa, anayatunza kama wengine wanavyotunza ng'ombe. Alipiga hodi, akatoa pole ya msiba kwanza, akamuuliza mama mkwe anaendeleaje, ndipo akataja gari. Nilipenda.

Mimi kwa sababu ya eda nilikaa chumbani, nyuma ya pazia. Banda liko mbele ya dirisha langu, nikaona na kusikia yote.

Mama, sikujua kwamba kununua gari la namna ile ni kama daktari anavyompima mgonjwa. Hata injini hakuomba iwashwe. Alichuchumaa mbele, akafumba jicho moja, akaangalia ubavu wa gari kama fundi seremala anavyoangalia ubao umenyooka au umepinda. Akatazama nafasi kati ya boneti na bodi, na kati ya milango na bodi, kama zinalingana juu na chini. Halafu akatoa sumaku ndogo aliyoifunga kitambaa ili isikwaruze rangi, akawa anaitembeza. Karibu na gurudumu la nyuma sumaku ikateleza, maana haishiki puti, ile dawa mafundi wanayozibia mabonde ya bati.

"Hapa chini kuna puti," akasema.

"Kidogo," shemeji akajibu.

"Sijasema nyingi."

Akafungua buti, akainua zulia kwenye kona, akakwangua kwa ukucha. Nje gari ni jekundu, lakini kule chini alikuta rangi ya maziwa. "Lilizaliwa jeupe hili," akasema, kama anayemtambua mtoto wa mtu. Akalinganisha namba iliyogongwa kwenye chasisi na ile ya kwenye kibati cha injini, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akatandika mkeka akalala chini ya gari na shati lake jeupe. Sauti ikatoka huko chini: "Sakafu imebadilishwa."

"Chumvi ya bahari, mzee. Iliisha yote."

"Si aibu. Gari la pwani lenye sakafu yake ya kwanza mimi silijui. Nataka kujua tu."

Kisha akaanza kuigonga bodi kwa vifundo vya vidole, na hapo, mama, nilishika ukingo wa kitanda. Saidi alikuwa na mchezo huo. Alikuwa ananiambia nifumbe macho, anagonga, ananiuliza hapa ni bati tupu au lina puti. Siku moja nilimwambia kwa uhakika kabisa kwamba ni puti, kumbe amegonga ukuta wa jiko. Alicheka mpaka akakaa chini. Basi nikawa namfuata yule bwana kwa masikio, boneti, ubavu wa kulia, nyuma, mpaka akafika mlango wa kushoto, upande niliokuwa nakaa mimi.

Mlango huo lazima nikueleze. Tulipokimbia mapigano, wavamizi walipoingia mjini, gari tuliliacha bandani. Tuliporudi lilikuwepo, lakini viti vilikuwa vimechukuliwa na mlango wa kushoto umeng'olewa. Nani ang'oe mlango wa gari, na aufanyie nini, mpaka leo hatujui. Saidi hakulalamika. Alikwenda akapata paa la chapa iliyoharibika, yale mabasi madogo ya abiria ya huku, akakata kipande, akaanza kukipiga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga, akiangalia mlango wa kulia na kugeuza kila kitu upande wa pili. Mimi nilimshikia bati. Viganja vyangu vilikuwa vinalia hata nikiwa naswali. Jirani akatuletea uji akasema labda tukila tutanyamaza. Ilichukua majira mazima ya mvua, na ulipokamilika ulifunga kwa sauti ile ile ya mwenzake.

Bwana Mateus akaufungua, akaufunga, akausikiliza. Akapitisha sumaku, ikang'ang'ania kila mahali.

"Mlango safi huu. Ni wake wa kiwandani?"

Shemeji akakohoa. "Wa kiwandani," akasema.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu anachambua mchele. Nikamwambia, "Mama, nenda ukamwambie mlango kautengeneza Saidi."

"Si Bakari ameshamwambia wa kiwandani?"

"Ndiyo maana nakutuma."

Akanitazama. Akaweka ungo chini, akajifunga kanga vizuri, akatoka. Unamjua anavyosema, hana sauti ya ndani ya nyumba. "Bwana, mlango huo haujatoka kiwandani, umetoka kwa mwanangu. Na ile puti ni yake. Na kioo cha mbele kimetoka kwenye gari lingine. Na honi ilikuwa ya pikipiki." Mimi nilimtuma mlango tu.

"Mama, basi," shemeji akasema.

"Basi nini? Nimetumwa."

Yule bwana hakukasirika. Alisema bawaba zilimtia wasiwasi tangu mwanzo, skrubu zake changa kuliko za upande wa pili, na ndiyo sababu aliuliza. Akaomba ruhusa, akafungua kifuniko cha ndani cha mlango, akamulika kwa simu. Ndani alikuta rangi ya bluu ya ile chapa, na alama za nyundo zimepangana kama magamba ya samaki.

"Alipigia juu ya nini?"

"Mfuko wa mchanga," shemeji akasema. Halafu ulimi ukamfunguka, akaanza kumweleza jinsi kaka yake alivyokuwa akilipasha bati moto kwenye kona na kulipoza kwa kitambaa kibichi, mikono inakwenda hewani, kama vile si yeye aliyesema wa kiwandani dakika ile. Mama mkwe akamtazama akasema, "Redio imeshika stesheni."

Nilidhani mambo yamekwisha vizuri. Lakini bwana Mateus alinyanyuka, akajipangusa magoti, akasema, "Ndugu yangu, kazi kama hii sijaiona kwa mafundi wangu. Lakini mimi nataka gari liwe kama lilivyozaliwa. Nitalirudisha rangi ya maziwa. Nitatafuta mlango wake wa asili, Afrika Kusini au Ureno, na huu nitautoa. Na bei itabidi tuizungumze upya."

Wakaizungumza upya, ikashuka. Shemeji akaja dirishani, hakupaza sauti. "Umeona, shemeji?"

"Nimeona."

Nilichokuwa nimeona ni kingine. Si bei iliyoniuma. Kila mahali Saidi alipoweka mkono wake ndipo patakapokwanguliwa na kutolewa. Nilitaka asemwe kwa ukweli, na ukweli huo ndio unaomtoa kwenye gari. Ningenyamaza, angalau mlango ungekaa. Nilikaa kitandani nikasikia wanahesabu siku ya lori, na nikajua kwamba nisiposema sasa sitasema tena.

Tangu mazishi sikuwa nimezungumza na mwanamume wa nje. Nikasogea penye pazia.

"Bwana Mateus, samahani. Huo mlango ukishautoa utauweka wapi?"

Wote wakageukia dirisha. "Stoo, mama," akasema.

"Hapana haja ya kusafiri mpaka Pemba kwenda kukaa stoo. Uache hapa."

Shemeji akasema, "Gari liende bila mlango?"

Mama mkwe akamjibu kabla ya mwenye gari, "Linapanda lori. Nani atashuka njiani?"

Yule bwana akacheka, kicheko cha polepole, akasema mlango ni wetu. Akaongeza kwamba bei ni ile ile, hapunguzi tena kwa ajili ya kuukosa. Shemeji Bakari akaenda kuleta bisibisi. Aliufungua mwenyewe, hakutaka msaada, na skrubu ya mwisho aliikalia muda mrefu mpaka nikadhani imeshika kutu. Haikuwa na kutu, ilikuwa na grisi. Baadaye aliuleta mpaka mlangoni pa chumba changu, akauegemeza, akaenda kunawa uso kisimani. Jana alinunua samaki wawili akaleta mmoja, kwa hiyo naona tumepatana.

Lori lilikuja jana, Jumamosi. Gari liliondoka limefungwa kamba, mahali pa mlango pamewekwa mkeka. Watoto walilikimbilia mpaka barabara kubwa. Mimi sikutoka.

Nisalimie kaka Hamisi na mkewe, umwambie nimesikia duka lake la vipuri limehamia karibu na soko. Nisalimie baba mdogo, na shangazi aliyenifundisha kushona, na mwalimu wangu wa madrasa kama bado anapita hapo kuomba kahawa. Asha mwambie asante kwa kusoma, na asisome hapa chini kwa sauti kubwa kama kuna wageni.

Sasa nijibu la pili. Nitarudi, mama, eda ikiisha, mimi na Mwajuma, atakapofunga shule. Mama mkwe atakwenda kwenye nyumba yake ya Quitunda, ile ya matofali aliyopewa na kampuni ya gesi kijiji chao kilipohamishwa. Tangu siku ile mlango uko chumbani kwangu, na kila asubuhi anaingia kunijulia hali, lakini macho yanakwenda ukutani kwanza. Anaufuta kwa pindo la kanga, hata kama hauna vumbi. Juzi akaniuliza, huku anaangalia pembeni, "Ukienda kwenu unaondoka nao?" Nikamwambia tutazungumza.

Nilikuwa nimeshaupangia mahali pale kwetu, nyuma ya kitanda changu cha zamani. Lakini nimefikiri. Wewe utakuwa na mwanao nyumbani, utaniona nikila, nikilala, nikikuudhi. Yeye wa kwake harudi. Nitamwachia mlango. Kesho nitamwambia, ila nimetaka ujue wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye utakayeelewa kwa nini nimekuja mikono mitupu.

Mwanao akupendaye,
Somoe