Kwa Fundi Kimya, Aliyeuliza Kila Mara: "Mlango Gani?"

Mwaka umetimia leo, mdogo wangu, tangu asubuhi ile ilipofika saa mbili na kibanda chako cha funguo hakijafunguliwa. Mshona viatu wa jirani yako ndiye aliyenipigia simu. "Dada, saa mbili na dakika tano na Fundi Kimya hayupo. Kuna jambo." Kwa miaka kumi na tisa hukuwahi kuchelewa. Mama alidhani umeshatoka. Tulikukuta kitandani, moyo umesimama, shati lako la bluu la siku hiyo limeshapigwa pasi, liko kwenye kiti.

Najua wapo watakaosoma tangazo hili la kumbukumbu gazetini huku wakitafuta kama wametajwa. Waendelee kutafuta. Ila mimi, dada yako mkubwa, nina langu la kusema, na nimelikalia mwaka mzima na zaidi. Nitalisema humu humu, mbele ya watu.

Kwanza tuseme ulivyokuwa. Waliokuita Fundi Kimya ni watu ambao hawajawahi kukuuliza habari za vitasa. Aliyeuliza alikoma! Shemeji yako, yaani mume wangu, aliuliza siku moja kwa adabu tu, chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Ulikuwa na mashati matano ya bluu, yote sawasawa. Maharage hayakutakiwa kugusa wali. Mashine ya kuchomelea vyuma ikianza kulia mtaa wa pili, wewe umeshaziba masikio. Na uongo hukuujua kabisa. Shemeji alipouliza kama suti ya harusi imemkaa, ulimwambia, "Shemeji, umenenepa. Suti haina kosa."

Ulikuwa na miaka arobaini na moja daktari alipotupa neno: usonji. Mama akasema, "Kumbe kina jina. Na mimi nilichapa mtoto wangu kwa kutonitazama usoni." Alilia siku ile. Wewe ulimwuliza daktari kama neno hilo litabadilisha saa ya kufungua kibanda. Alipokuambia halibadilishi, ulisema, "Basi sawa," ukaenda zako.

Wateja walilalamika juu ya mambo mawili. La kwanza, huwatazami; unatazama ufunguo. La pili, hukukubali kuchonga ufunguo mpaka uambiwe ni wa mlango gani. Wa mbele? Wa nyuma? Wa stoo? Mlango wa nje hupigwa na mvua, ulisema, kitasa kinashika kutu, ufunguo wake lazima uchongwe kwa kuachiwa nafasi kidogo. Watu hawakusubiri maelezo. Walisikia tu mtu asiyewatazama machoni akiwauliza habari za milango yao.

Kisha wezi wakaingia nyumba tatu katika mwezi mmoja, ya tatu ikiwa ya mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Hapo maneno yakaanza. Mwenyekiti akakumbuka kwamba ulimwambia kitasa chake ni dhaifu, mtu anaweza kukifungua kwa msumari. "Si alisema mwenyewe?" Akakumbuka na macho. "Mtu asiyekutazama usoni ana lake jambo." Wakaitikia kwa vichwa, watu wazima na akili zao.

Mimi nilitukana wote. Mshona viatu ni shahidi, nilisimama katikati ya barabara nikawapasha. Niliporudi nyumbani, wewe ukiwa kazini, nikaenda kupekua chumba chako.

Ndiyo. Nilipekua. Nilijiambia natafuta ushahidi wa kukutetea, lakini mtu anayetafuta ushahidi wa kumtetea nduguye hafungi mlango kwa ndani.

Chini ya kitanda nikakuta kopo la maziwa ya unga, zito. Ndani funguo kumi na moja, kila mmoja umefungwa kikaratasi kwa uzi, kwa mwandiko wako ulionyooka: "Mkunga, mlango wa nyuma." "Dereva, geti." "Mwenyekiti, jikoni." Nyumba mbili kati ya zile tatu zilizoibiwa zilikuwa humo. Sikukuuliza. Swali moja tu lingetosha, na nilijua kwamba wewe ni mtu pekee katika ukoo huu ambaye angenijibu ukweli. Labda ndicho nilichokiogopa. Gari la taka lilikuwa linapita, nikalitupia kopo pamoja na maganda ya viazi.

Jioni ukatoka chumbani. "Dada, umeona kopo langu?"

Nilikutazama machoni, bila kupepesa. "Sijaliona."

Ukasema, "Sawa." Kwako mtu akishasema, amesema. Hukurudia kuuliza.

Kesho yake ulifanya jambo ambalo sisi wajanja tusingelifanya. Kabla ya kufungua kibanda ulikwenda nyumba kumi na moja, ukabisha hodi, ukasema maneno yale yale kila mlango: "Nimepoteza ufunguo wako. Kosa ni langu. Badilisha kitasa, nitakuja kukifunga bure." Ukawafikia hata wale wawili walioibiwa. Jamani! Ilikuwa ni kuwapa kamba wakufunge. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulishasema fundi amekiri. Mkunga alikufungia mlango usoni. Kijana mmoja alikupiga kofi, na wewe uliniuliza usiku, "Dada, amekasirika kwa sababu ya ufunguo?" Nikasema sijui.

Miezi miwili ulikaa kibandani bila mteja. Ulifungua saa mbili, ukafunga saa kumi na moja, ukang'arisha tupa zako za kuchongea. Kisha mwizi akakamatwa akiingia kwa dirisha la choo, dirisha, jamani, wala hakuhitaji ufunguo wowote! Na alikuwa mpwa wa nani? Sisemi, mwenyewe anajijua. Hakuna aliyekuja kukuomba radhi. Nami sikukuambia. Nilisema nitasubiri wakati mzuri. Baada ya wiki sita ukafa.

Msibani alikuja mwalimu mstaafu, akaketi karibu na Mama. Akasimulia kwamba aliwahi kuagiza ufunguo wa geti, akakwambia "nitarudi," akahamishwa kikazi, akarudi baada ya miaka minne. Ukamtolea ufunguo wake kutoka kwenye kopo, na kikaratasi chake. "Aliniambia, wote hawa walisema watarudi," mwalimu akasema, huku akicheka na kulia. Mama akaniuliza, "Hivi lile kopo liko wapi?" Nikasema tutalitafuta.

Mwezi uliopita mwenyekiti alikuja kwetu na bango. Kamati inaandaa siku ya kuelimisha mtaa juu ya usonji. Wamekata picha yako kutoka kwenye picha ya harusi yangu, wameandika chini yake, "Tuwakubali. Ni wetu." Anataka ruhusa ya familia. Uchaguzi wa kamati ni wiki mbili baada ya hapo. Sijasema kitu, nimetaja tarehe tu. Nilimwangalia na kilemba chake cha ukoka nikamwambia aondoe picha ya ndugu yangu mikononi mwake. Wao waliokuita mwizi, leo wanasema "Ni wetu"?

Alipoondoka binti yangu aliinua kichwa kwenye daftari lake. Ana miaka kumi na sita. "Mama, wao angalau walikuwa hawamjui."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Nilikuwa dirishani siku gari la taka lilipopita."

Basi nimempelekea mwenyekiti ruhusa. Bango liwe na picha ya kibanda, si ya uso wako, maana hukupenda kutazamwa. Na kabla ya mgeni yeyote kusema, nitasimama mimi. Sitawaambia wakupende, wamechelewa. Nitawaambia nilichofanya, ili yule mwenye ndugu kama wewe nyumbani, ambaye leo anamtetea barabarani na kumpekua chumbani, ajue mahali jambo hilo linapoishia. Sijui watanitazamaje. Wapo watakaosema familia yenyewe ilimshuku, sembuse sisi. Waseme. Ni kweli.

Wanaokukumbuka ni Mama, ambaye anayajua haya leo kwa kuyasoma hapa, na namwomba aniite akimaliza. Mdogo wetu wa mwisho, anayelipia kibanda chako mpaka leo na hataki kipangishwe. Shemeji yako, ambaye suti imekataa kabisa kufungika. Mpwa wako aliyekuwa dirishani. Mshona viatu, ambaye hakukushuku hata siku moja na hakuna aliyemwuliza. Na mimi dada yako, niliyeliona kopo lako.

Tutakukumbuka daima, mdogo wangu. Nililiona.