Kioo Kisichopita Motoni

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepata nafuu, na kwamba Mama bado anakuzuia kusogelea tanuri la kioo kiwandani. Mimi mzima, kichwa kigumu vilevile.

Siku naondoka ulisema mbele ya baba wadogo wote kwamba hakuna kioo bila moto, na mwanao anakwenda kusomea uongo. Sijasahau. Basi nisikilize. Sifongo wa baharini, mnyama asiye na mikono wala tanuri, hufyonza silika iliyomo majini, ileile mnayoitoa kwenye mchanga kutengenezea kioo. Ndani ya seli zake kuna uzi mwembamba wa protini. Silika huugandia tabaka kwa tabaka mpaka uwe mwiba wa kioo, na miiba hiyo ndiyo mifupa yake. Maji ni ya baridi, Baba! Nimeiona kwa hadubini, na sitaki ubishi.

Kazi yangu maabarani ni kupima silika inavyopungua majini sifongo wakikua. Tunawafuga kwenye vyombo vya plastiki tu, maana kioo nacho huachia silika kidogo kidogo na kuharibu vipimo. Hata mfagizi wetu analijua hilo.

Mwezi uliopita vipimo viligoma. Sifongo wa meza yangu walikuwa na miiba mingi kuliko silika tuliyowapa. Mkuu wa maabara alichekelea, akasema tumegundua jambo kubwa, akaniletea ripoti niitie sahihi. Nilikataa. Akanikumbusha kuwa mkataba wangu unakaribia kwisha. Nikamwambia na uishe.

Sasa nakiri kwako kama nilivyokiri mbele ya wenzangu. Chombo changu cha plastiki kilipasuka, nikawahamishia sifongo kwenye mtungi wako wa kioo, ule wa mwisho uliopuliza kabla kifua hakijakushinda. Siku naondoka niliuchukua kabatini nyumbani bila kukuomba. Nilikusudia siku moja tu, lakini ulikuwa ukiniondolea upweke, zikapita wiki tisa.

Kazi imekwisha, narudi Jumamosi. Kwa kusema kweli siombi radhi. Kwa mtungi naomba. Umefifia kidogo ndani. Nakuletea pia kichupa cha miiba. Sehemu yake ni kioo chako, Baba, kimejengwa upya bila hata cheche moja. Kishike mkononi, kisha uniite muongo tena.

Mama mwambie nimekonda, anipikie.

Mwanao,
Kichwa Kigumu