Mto Uliovaa Nguo za Misa

Mama Agatha,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinigombeza sana kwa kuingia maabara bila salamu, sithubutu kurudia leo.

Tangu tukuzike, mji wetu wa Ifakara umeendelea kungoja maji ya bomba kutoka mtoni, na kazi yako ya kusema kama yanafaa kunywewa nimeachiwa mimi. Mimi, uliyeniita Bi Haraka!

Nilipima kiangazi, mto umetulia, kokoto zinaonekana chini. Majibu yakatoka mazuri. Ofisini wakafurahi, wakataka nisaini ili mabomba yaanze kulazwa. Kalamu nilishaishika, mama. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: "Usiuamini mto uliovaa nguo za misa. Ukaukute na za shamba."

Nikagoma. Bosi akaninunia, akasema watu wamechoka na foleni ya kisima. Kweli wamechoka, shangazi yangu mmojawapo, na wiki nzima hakunisemesha. Niliumia mno. Lakini nikangoja mvua kubwa ya kwanza, wakulima wakiwa wameshapiga dawa ya magugu kwenye mpunga. Ilipokatika tu nikaingia mtoni na chupa zangu, nimevaa buti zako zinazonipwaya. Wewe uliingia humo mpaka mwaka wako wa mwisho, na magoti yale mabovu, na hukumtuma mtu. Sijaona mwingine wa namna yako.

Dawa ya magugu imo. Vijidudu vya kinyesi vimo. Ulikuwa sahihi tena, na kusema kweli inaudhi kidogo.

Basi wakakubali kuhamishia chanzo juu, karibu na mlima, kabla mto haujafika mashambani. Huko nako nikapima siku ya mvua, maji yakiwa na tope. Tope likachujwa, dawa ya kuua vijidudu ikatiwa, nikapima tena. Ndipo nikasaini.

Juzi yamefika kwa shangazi. Akakinga glasi, akaniangalia. "Yanafaa?"

Unakumbuka desturi yako? Maji uliyoyapitisha ulikunywa wewe kwanza, mbele za watu. Nikampokonya glasi, nikanywa yote. Halafu nikalia pale pale bombani, shangazi akidhani nimepaliwa.

Pumzika, mama yangu. Kila mvua ya kwanza itakaponyesha, buti zako zitakuwa mtoni, na glasi ya kwanza nitakunywa mimi.

Bi Haraka wako